Azima

Kukopa harusi, kulipa matanga. Na katika ofisi ile iliyoandika programu za maabara, matanga yote yalimwangukia Mama Funga. Kila programu ilifungua muunganisho na hifadhidata, ikasoma majibu ya wagonjwa, kisha ilitakiwa iufunge. Wenzake walinakili mistari ileile mahali mia moja na arobaini, wakasahau kufunga. Iliyoachwa wazi ikijaa, seva inaganda, na simu inalia mezani kwake: "Mama, imeganda tena!"

Alikuwa kwenye mkataba wa muda, mwaka wa nne. Mkuu wa ofisi, mume wa dada yake, aliahidi kwamba mwisho wa mwezi ule mtu mmoja angepewa ajira ya kudumu na mwingine angeondoka: yeye au Bwana Nakili, mwenye programu za ripoti na seva yake mwenyewe.

Basi akaandika kipande kimoja cha programu, akakiita azima. Unakipa kazi yako. Chenyewe kinafungua, kinasubiri, kinafunga, hata kazi ikifia njiani. Programu za ofisi ziliandikwa kwa lugha tatu: ya kwanza ilikuwa na neno lake la kufanya hivyo. Ya pili ilimruhusu kuagiza kufunga palepale anapofungua. Ya tatu, kongwe na kaidi, ilimtoa jasho wiki mbili. Akakipachika kila mahali, ila kwa Bwana Nakili.

"Zangu niachie, dada. Nimezizoea."

Simu ya Mama Funga ikanyamaza. Alifurahi, maskini.

Mwisho wa mwezi mkuu alimwita. Ofisi ilipima mafundi wake kwa idadi ya hitilafu walizopigiwa simu na kuzitatua.

"Shemeji, Bwana Nakili ametatua thelathini na moja. Wewe sifuri."

"Sifuri kwa sababu hakuna kinachoharibika!"

"Mimi najua. Wakubwa nitawaonyesha nini?"

Asante ya punda ni mateke. Alisaini barua ya kumaliza mkataba kwa hasira hadi kalamu ikatoboa karatasi.

Jioni alikwenda kwa dada yake, akamkuta jikoni, habari ameshazipata kwa mumewe.

"Lakini nawe, mdogo wangu, hukuweza kuacha hata programu mbili tatu ziwe zinaganda?"

"Niliweza."

"Basi umejifukuza mwenyewe," dada yake alisema kwa huruma, akimmiminia chai.