Taa za Ua

Wifi yangu ndiye aliyenibandika jina la Nusunusu. Sikatai, kitambaa cha meza nilianza kukidarizi nikakiacha njiani, na lile sweta la mtoto lilikosa mkono mmoja mpaka mtoto akawa haenei tena. Lakini jamani, mtu huitwa kwa makosa yake mbele ya wageni? Kila sikukuu tukikutana kwa mama mkwe, yeye ndiye mgawa kazi, na mimi hupewa vyombo. Ati vyombo hata nikiviacha katikati, mwingine atamalizia.

Mwaka huu akanipigia simu. "Nusunusu, wewe shughulikia taa za ua. Na safari hii umalize."

Akakata. Kwa mara ya kwanza nimepewa kitu cha kuonekana! Ningejiuliza kwa nini hakusema maua, lakini furaha haikuniachia nafasi. Nikaapa kwamba jina lile nitalizika siku hiyo hiyo.

Nikatandaza mezani waya wa taa ndogo, zile zisizopata moto hata ukizishika kutwa. Nikakata petali kwenye mabaki ya nguo na pazia kuukuu alilonipa mama mkwe, nikazichovya kwenye gundi iliyotiwa maji, nikazianika zikakauka zikawa ngumu. Kisha unatoboa katikati, unapenyeza taa, unafunga uzi kwa nyuma. Basi, ua hilo.

Mume wangu aliliona shati lake la njano likiwa vipande.

"Hili lilikuwa zima."

"Kola ilikuwa imechakaa."

"Kola tu," alisema, lakini akavuta kiti akanisaidia kufunga nyuzi.

Tulipofika katikati vidole vilikuwa vimegandana, na vitambaa vikaisha. Kusema kweli, hapo ndipo huwa naachia. Mume wangu akashauri taa zilizobaki tupu tuzigeuzie ukutani, nani atajua? Nikamkata jicho. Nikaenda kabatini, nikatoa sketi nyekundu niliyopewa na wifi mwenyewe, nikaipiga mkasi bila huruma.

Siku ya sikukuu wifi akafungua boksi nililoleta. "Hiki nini?"

"Taa za ua."

"Mwenzangu, ua huu!" Akanyoosha kidole dirishani, kwenye ukuta usiopigwa lipu, tangi la maji na kamba ya nguo. "Nilitaka taa mbili kubwa za kumulika nje, watu waone sahani zao. Nani kakwambia maua?" Akawageukia wengine. "Siku amemaliza kazi, ameielewa nusu."

Watu wakavunjika mbavu. Mimi nikajikaza kisabuni, lakini niliumia, niliumia sana. Hata mume wangu alikuwa akitazama sakafu.

"Maduka yamefungwa," mama mkwe akasema. "Tundikeni zilizopo."

Tukazitundika. Tukazipitisha juu ya ukuta, tukalizungusha tangi, tukamalizia kwenye kamba ya nguo. Giza lilipoingia mume wangu akachomeka waya.

Ukuta ule mbaya ukachanua. Njano, buluu, nyeupe, na mwishoni nyekundu tupu, kila ua na mwanga wake ndani. Sahani zilionekana, na nyuso za waliokuwa wakinicheka zilionekana pia, midomo wazi. Mama mkwe akalisogelea ua moja la buluu, akalishika. "Hili si pazia langu la zamani?" Akaburuta kiti chake mpaka chini ya maua, akakaa. Wengine wakahamia na sahani zao, ndani akabaki wifi peke yake.

Akatoka. Akaanza kutembea kando ya waya, akigeuza ua moja moja, na mimi nilijua anachotafuta: taa moja tu iliyo tupu. Akapita ukutani. Akalizunguka tangi. Moyo ulikuwa ukinidunda ingawa kila fundo nililijua. Akafika kwenye kamba ya nguo, akalishika ua la mwisho, akalitazama kwa karibu.

"Hii ni sketi yangu."

"Ilikuwa."

Akacheka, kicheko cha kushindwa hasa. Halafu akaniita kama ambavyo hakuwahi kuniita tangu niolewe.

"Wifi," alisema, "na mwakani taa za ua ni zako."

Niliutaka ushindi wangu wote. "Ua upi," nikamuuliza mbele ya watu, "au ua lipi?"

Akaligusa ua la sketi, kisha akauonyesha ua wote kwa mkono.

"Hili, kwenye huu."