Mafiga ya Hellen

Waya wa uzio ulimchana Getruda mgongo kuanzia begani hadi kiunoni, naye hakusimama kujitazama. Alijipenyeza akatokea upande wa pili, kwenye kilima alikozaliwa, akinyata kama mwizi. Nyuma yake mabati ya mtaa wa Buzuruga yaling'aa kwa jua la asubuhi. Mbele yake njia mpya ya changarawe ilipanda katikati ya majabali, pale pale zilipovunjwa nyumba zao ili wenye viatu vya kupandia wapate mahali pa kupunga upepo.

Siku ya kuhamishwa waliahidiwa kwamba makaburi hayataguswa. Ahadi ni deni, lakini masikini adai wapi?

Mwanawe Hellen alilala chini ya jabali la juu. Udongo pale ni haba, shimo halizidi magoti, na mbwa hawana dini. Ndiyo maana wanawake wa kilimani walikuwa na desturi yao: mtoto akifa, kila jirani alitoa figa moja jikoni kwake, akaja kulilaza juu ya kaburi. Usiku huo majiko yote hayakuwashwa. Getruda aliyajua mafiga ya bintiye moja moja, yenye masizi upande mmoja, na alijua kila moja lilitoka jiko la nani.

Alikuta udongo mtupu. Pembeni vilisimama vinara vya mawe, jiwe juu ya jiwe, jeusi kwa jeupe, ambavyo wapandaji walivijenga ili wapige navyo picha. Upande wa miguuni mbwa walikuwa wameshaanza kufukua. Pindo la kanga aliyomzikia mtoto lilikuwa nje.

Getruda alikipiga teke kinara cha kwanza kikaporomoka. Akaanza kuyaokota mafiga yake kati ya mawe yale, akilia kwa hasira, akiyarudisha alipolala mwanawe. Ndipo mlinzi alipomfikia akiwa na rungu.

"Shigela, ni mimi," alisema Getruda.

"Nakuona."

"Mwanangu, tazama mwenyewe. Mbwa wamemfikia Hellen. Niache nimfunike, niondoke."

"Hayo mawe ni mali ya hifadhi. Wageni wanakuja kwa ajili yake."

"Hili hapa ni la mama yako. Mlilala njaa siku ile kwa ajili yangu."

Shigela alilitazama figa. Kisha rungu likashuka kwenye mkono uliolishika, na vidole vikalia kama kuni kavu. Pigo la pili lilimpata mbavuni, la tatu shingoni. Alipoanguka, Shigela alimpiga mateke tumboni, kimya kimya, bila tusi hata moja, maana yule mama alikuwa amemnawisha uso utotoni na jambo hilo wote wawili walilijua. Getruda alitema jino pamoja na damu.

"Basi, Shigela." Alikuwa Chenge, mwongoza wageni, akihema kwa kupanda haraka. "Nina watu nyuma yangu. Kinara kiko wapi?"

"Kakibomoa huyu."

"Akijenge. Halafu mshushe getini, polisi watamchukua."

Getruda alijenga kwa mkono wa kushoto, amepiga magoti, rungu likimgusa kisogo kila alipokawia. Figa la jirani yake Justa. Figa la mama mkwe. Yakakaa vizuri kuliko mwanzo.

Wageni walifika wakiwa na kofia na chupa za maji. Chenge alikuwa tayari ameshabadilisha sauti.

"Hii ni mila ya wenyeji wa kilima hiki. Unaweka jiwe, unaomba jambo lako."

"Shikamoo mama," dada mmoja alisema. "Mbona una damu?"

"Ameteleza," Chenge alijibu.

"Pole sana, mama." Akaokota figa la mama yake Shigela, akafuta masizi kwa leso, akaliweka kileleni na kufumba macho akiomba. Kisha akarudi nyuma ili apigwe picha, hadi kisigino chake kikazama kwenye udongo laini, juu ya pindo la kanga.

"Mama, sogea kidogo. Unaonekana kwenye picha," alisema mwenzake aliyekuwa akipiga.

Shigela alimshika Getruda kwa mkono uliovunjika, akamsogeza. Chini, kwenye tundu lile lile la uzio alilopitia, mbwa walikuwa wamekaa wakingoja watu washuke.