Upande wa Ndani wa Sweta

Mwaka ule mikono ya Girzie Mouat iligoma kabisa. Hapa kisiwani Yell hakuna anayeshangaa mwanamke wa miaka sitini na nane akiwa na vidole vilivyopinda. Sote tulishikishwa sindano za kufumia kabla hatujajua kusoma, na baridi ya Shetland haimwonei mtu huruma. Lakini Girzie hakuwa mtu wa hivihivi. Kwa miaka kumi na tisa mfululizo sweta lake ndilo lililoshinda kwenye maonyesho ya Agosti, fungu la kufuma kwa mkono. Kadi nyekundu za ushindi alizibandika ukutani jikoni, na ukienda kwake lazima akukalishe kiti kinachotazama ukuta ule.

Aliishi na binti yake, Osla, aliyekuwa na miaka thelathini na minne na hajaolewa. Mimi ni Netta. Nyumba yetu iko chini ya yao mlimani, hatua chache tu, na Osla nilisoma naye darasa moja. Osla hakuwa mfumaji. Alipokuwa mdogo, kila alipokaza uzi kupita kiasi mama yake alimchapa vidole kwa sindano ileile aliyokuwa akifumia, mpaka mtoto akaona afadhali kondoo. Akakua akiwa mtu wa kondoo, wa kubeba magunia, wa kukarabati ua. "Mwanangu ana mikono ya mpiga makasia," Girzie alikuwa akisema mbele za watu, na Osla mwenyewe amekaa palepale.

Mashine ilikuja kwa bahati. Hansina, jirani yetu wa juu, alihamia mjini Lerwick kwa mwanawe, na huko hapakuwa na nafasi ya makorokoro. Akamwita Osla, akamwonyesha boksi refu chini ya kitanda. Ndani mlikuwa na mashine ya kufuma ya nyumbani: safu ndefu ya sindano zenye ndoana kama meno ya kitana, na kigari cha chuma kinachosukumwa juu yake kwenda na kurudi. Kila kigari kikipita, mstari mmoja wa vitanzi umefumwa. Ilikuwa na kutu, na kitabu cha maelezo kilishaliwa na panya.

"Hicho kitanda cha misumari umekitoa wapi?" Girzie aliuliza alipomwona anaiingiza.

"Nimepewa, Mama."

"Mtu akipewa ugonjwa ataupokea?"

Osla akaiweka chumba cha nyuma, dirishani, akanipigia kelele nipande. Siku ya kwanza tulicheka hadi mbavu zikauma. Alisukuma kigari, krrr, akakirudisha, krrr, na kazi yote ikadondoka sakafuni mara moja, kama nyama iliyoiva mno inavyoachia mfupa. Hatukujua kwamba lazima kazi ivutwe chini kwa uzito. Siku ya tatu akaning'iniza uma sita za jikoni kwenye ukingo wa kitambaa, na mashine ikafuma. Ulimi wa sindano, ule unaofunga ndoana, ukivunjika katikati, alichomoa sindano ya pembeni kabisa, ambako kazi haifiki, akaihamishia pale. Uzi ukikwama, aliupitisha kwenye kipande cha mshumaa upate utelezi.

Uzi wenyewe hakununua. Alikwenda mnada wa nguo kuukuu kanisani, akarudi na masweta yaliyotoboka viwiko, akayafumua. Nilikuwa nikishika sweta, yeye anavuta, na sufu inatoka imejikunja kama nywele zilizosukwa. Aliizungushia mgongo wa kiti, akaifunga mafungu, akaiosha, akaitundika kambani ikiwa imebebeshwa jiwe ili inyooke inapokauka. Kila vipande vilipoungana palikuwa na fundo, na kila fundo lilikuwa balaa kwa kigari.

"Netta, shika hapa, huu uzi unanifanyia jeuri."

"Si wewe umeutafuta?"

"Nyamaza, shika!"

Ilipofika Februari alikuwa anafuma mwili mzima wa sweta, bapa na laini, bila kasoro. Lakini mashine ile ilijua rangi moja tu, na sweta la kwetu bila mapambo ni fulana. Hapo ndipo Osla alipofanya jambo ambalo hakuna aliyemfundisha. Alichukua sindano butu na nyuzi za rangi, akadarizi juu ya vitanzi, akifuata njia ya kila kitanzi kimoja baada ya kingine, kiasi kwamba rangi ililala pale kama imezaliwa nayo. Akaiga nyota ya mama yake. Nyota ile yenye ncha nane na kitone chekundu katikati Girzie aliibuni mwenyewe, na kisiwa kizima kiliijua kama kinavyojua sauti yake. Ilimchukua wiki kumi. Niliona mkono wote wa kushoto wa sweta ukidariziwa, nimekaa naye, nikimsomea gazeti.

Mwezi Mei, siku ya kuzaliwa ya Girzie, akampa.

Kesho yake nikamuuliza amesemaje.

"Amesema linavalika." Osla alikuwa anatabasamu hadi masikioni. "Netta, amesema linavalika!"

Kutoka kinywa kile, lilikuwa jambo kubwa. Lakini Girzie hakulivaa. Alilikunja akalitia sandukuni.

Agosti ikafika. Sote tulijua Girzie hatapeleka kitu mwaka ule, na hakuna aliyethubutu kumtajia. Osla na mimi tulipangwa kumimina chai ukumbini. Asubuhi kulikuwa na ukungu, feri ya kutoka kisiwa cha Unst ikachelewa, na jaji alikuwa ndani ya feri hiyo. Miaka yote jaji wetu alikuwa bibi mmoja rafiki wa Girzie, aliyekuwa akipitisha kiganja juu ya sweta lake na kuweka kadi bila hata kuligeuza. Mwaka ule alikuwa mgonjwa, wakamwita Bi Thirza Leask, mwanamke mwembamba mwenye miwani mbili, moja ya kuvaa na moja ya kuning'inia shingoni. Alipofika, watu walishajaa, ikabidi ahukumu mbele yetu.

Nilikuwa nimeshika sukari Osla aliponishika kiwiko.

"Netta. Lile pale la tatu."

Nikatazama. Mezani, likiwa na namba tu bila jina, limetandazwa sweta lenye nyota.

"Umelipeleka?"

"Mimi? Nilijua liko sandukuni."

Girzie alikuwa amekaa safu ya mbele, kofia kichwani, mkoba mapajani, akitazama mbele.

Bi Thirza alisimama sana kwenye lile la tatu. Alilisifu waziwazi. Kisha, kama afanyavyo fundi yeyote, akaingiza mikono chini ya pindo na kuligeuza ndani nje. Watu wa meza za mbele wakanyoosha shingo, kisha wa nyuma. Kazi ya mkono ya rangi mbili, upande wa ndani nyuzi zinavuka mlalo, mistari mistari. Hapa hapakuwa na mistari. Palikuwa na vitanzi bapa vya mashine, na vijiuzi vya kudarizi vikipenya huku na kule.

"Nani mwenye namba kumi na nne?"

Girzie akainuka.

"Mama, hii ni kazi ya mashine, imedariziwa juu. Imedariziwa vizuri ajabu, sijapata kuona. Ila hili ni fungu la mkono."

Hakuwa amesema kwa ubaya. Kama Girzie angejibu kwamba limewekwa kwa bahati mbaya fungu lisilo lake, au hata angekaa kimya, watu wangecheka kidogo na chai ingeendelea. Lakini aligeuka, akamtafuta binti yake kwa macho hadi akampata nyuma ya birika.

"Osla! Umenifanyia nini?" Sauti yake ilitetemeka kwelikweli. "Nilimpa langu alilete, jamani. Nimejitesa nalo kipupwe kizima kwa mikono hii. Kumbe amelificha, ameleta lake!"

Ukumbi mzima ukatugeukia.

"Ni kweli, binti?" Bi Thirza akauliza.

Mimi nilijua. Nilishika uzi ule, niliona uma zikining'inia, niliona ule mkono wa kushoto. Neno moja tu lingetosha. Nikamtazama Girzie, aliyenifundisha kufuma soksi, aliyemzika mama yangu kwa mikono yake, nikawatazama wanawake wote wale ambao ningekutana nao dukani Jumatatu. Nikatazama sukari.

Osla alikuwa akitazama mikono ya mama yake juu ya ule mkoba.

"Ndiyo," akasema. "Ni kweli."

Tukaendelea kumimina. Hakuna aliyekuja upande wa Osla kuchukua kikombe. Wote walipanga foleni kwangu.

Jioni ile, jua bado juu, niliwapelekea mikate iliyobaki. Nikawakuta jikoni, Girzie bado na kofia.

"Kwa nini, Mama?" Osla alikuwa anauliza.

"Ulitaka nife pale mbele za watu?"

"Ungeniambia tu kwamba unataka kulipeleka. Ningekuambia jaji ni mwingine."

"Ningekuomba wewe?" Girzie akavua kofia. "Nina jina la miaka arobaini, mimi. Wewe ulikuwa na nini cha kupoteza? Umenisitiri, umefanya vizuri. Yameisha. Weka maji motoni."

Osla akaweka maji motoni.

Hayakuisha. Duka moja la Lerwick lililokuwa limemwagiza masweta sita ya mashine kiangazi kile likaandika barua fupi kwamba halitayahitaji. Wanawake wa kanisa walimtoa kwenye zamu ya chai bila kumwambia. Alikuta tu jina lake halipo ubaoni. Dukani, Mary-Ellen wa posta alimwuliza kwa sauti, "Leo umekuja na mkoba wako au wa mama yako?" na watu wakacheka. Osla alilipa mkate wake akaondoka. Girzie ndiye aliyekuwa akionewa huruma. Walimletea keki. Walimkalisha viti vya mbele. "Na bado unakaa naye nyumba moja," walimwambia. Naye aliitika, "Nifanyeje? Ni mwanangu."

Mashine haikufuma tena vitu vya watu. Osla aliitumia kumfumia mama yake mifuko ya mikono ya joto, isiyo na vidole, ya kijivu, kwa sababu vidole havikuweza tena kuingia kwenye glovu. Alimfunga vifungo, alimlisha supu, alimwosha. Miaka tisa.

Mwaka wa nane nilikuwepo muuguzi wa wilaya alipokuja. Alikuwa mgeni, mchangamfu, akaziona zile kadi ukutani, akauliza kwa nini ziliishia mwaka wa sabini na tatu.

"Huyu hapa," Girzie akasema, akimwonyesha Osla kwa kidevu. "Nilikuwa nimefuma sweta la ishirini. Zuri kuliko yote. La buluu, mikono yangu ikitoka damu. Akalichoma moto akapeleka lake."

Alilia machozi aliposema hivyo. Hakuwa akiigiza. Alikuwa analiona lile sweta la buluu.

Osla alitoka nje, nami nikamfuata. Alisimama ukutani, upepo unampiga.

"Ameshaamini," akasema. "Netta, miaka yote hii nilikuwa nangoja tu aniambie samahani tukiwa wawili, mlango umefungwa. Sasa hata hajui kuna kitu cha kuniomba." Akanigeukia. "Na wewe ulikuwepo."

"Nilikuwepo."

"Umeshika sukari."

Akarudi ndani kumgeuza mama yake ubavu.

Girzie alikufa Novemba iliyofuata. Baada ya mazishi watu walikunywa chai ukumbini, ukumbi uleule, na wanawake walimpita Osla mmoja mmoja wakimpapasa bega. "Umemtunza mama yako vizuri," Mary-Ellen akamwambia, "baada ya yote yale."

Hapo nikasimama. Nilisema yote: mashine ya Hansina, nyuzi za mnada, zile wiki kumi, lile sanduku. Sauti yangu ilikuwa kubwa kupita nilivyotaka.

Kisha mmoja akasema, "Netta, marehemu hata hajapoa, ndio unasema leo?" Na mwingine, "Kama ni kweli, mbona mwenyewe alikubali?" Wakamtazama Osla.

"Kaa chini, Netta," Osla akasema, bila hasira. "Umechelewa."

Majira ya kuchipua yaliyofuata akafunga nyumba akahamia Lerwick. Nilisikia amepata kazi ya kufundisha kufuma kwa mashine jioni, wanafunzi wakiwa wake wa wafanyakazi wa mafuta waliotoka kusini, wasiojua lolote juu ya uzi. Niliandika mara mbili. Alijibu kwa kadi ya Krismasi, jina tu.

Mwaka jana nikaenda mwenyewe. Nilimkuta darasani na mashine nane zikikoroma pamoja. Alikuwa amenenepa kidogo, amevaa miwani, na anamwonyesha msichana mmoja namna ya kufumua sweta kuukuu kuanzia shingoni. Msichana alikaza uzi mno.

"Legeza," Osla akamwambia. "Haukimbii popote."

Aliponiona hakushtuka. Aliniletea kiti, akanipa chai na biskuti kwenye sahani. Wanafunzi walinitazama kwa udadisi, wakangoja kutambulishwa.

"Huyu anaitwa Netta," akawaambia. "Tulikuwa majirani."