Jiwe la Lemuel

Watu hunitazama kama vile niliamka siku moja nikaamua kuwa mshenzi. Haikuwa hivyo. Mikono ndiyo iliyoniponza. Miaka kumi na moja nimesimama kwenye kiwanda cha kuku hapa Harlow, kisu mkono wa kulia, paja mkono wa kushoto, kuku wanapita mbele yako wakining'inia hata kupenga kamasi huna nafasi. Asubuhi moja vidole vikagoma kushika kijiko cha chai. Kiwanda kikanipa barua, bandeji mbili za viganjani na maneno ya kunitakia kila la heri. Hiyo heri yao niliila wiki tatu, ikaisha.

Ndipo alipokuja binamu yangu Cortez. Huyu alikuwa na duka la michezo ya bahati nasibu karibu na kituo cha mafuta, mashine ishirini nyuma ya mapazia meusi, mpaka sherifu alipokuja na makufuli. Cortez hata hakununa. Alihamishia mchezo wote kwenye simu za watu, na sasa alikuwa anatafuta mawakala. Mshahara hakuna. Mchezaji anakutumia dola ishirini, wewe unamwekea pointi ishirini, anakaa kwake anafyatulia samaki wa mchezo kwenye kioo cha simu. Akishinda, wewe ndiye wa kumlipa. Jumatatu mfumo unapiga hesabu, na katika walichopoteza wachezaji wako wiki nzima, theluthi ni yako. Wakishinda kuliko walivyopoteza unashuka chini ya sifuri, na hupati hata senti mpaka upande tena.

Nilimwuliza kama si kamari. Akasema kamari iko wapi, watu wananunua dakika za intaneti na pointi ni zawadi ya kuwashukuru. Alisema bila hata kupepesa macho. Nami nilikuwa na bili ya umeme mezani, nikaona maneno yake yana mashiko.

Halafu akaniuliza kitu ambacho mpaka leo kinanikereketa. "Unawajua watu wanaosubiri kitu?"

Nikamwambia sielewi.

"Anayecheza kujifurahisha akichoka anaacha," akasema. "Anayesubiri kitu haachi. Nitafutie hao."

Kanisani kwetu Nebo watu wa namna hiyo wameandikwa daftarini. Kila Jumatano Bi Odessa Faison husimama na daftari lake la maombi, lenye jalada la bluu, akasoma jina moja moja na shida yake: fulani figo, fulani nyumba inataka kuuzwa na benki, fulani mtoto yuko jela. Analiandika mwenyewe kwa kalamu ya wino, mwaka wa ishirini sasa. Jumatano ile alipokwenda kujaza maji kwenye vikombe, nilitoa simu nikapiga picha kurasa mbili. Mimi mwenyewe nilikuwa wa tano kwenye orodha. Renita, mikono, kazi.

Wiki haikuisha nikawa na wachezaji kumi na wanne. Cortez akaniita mwanamke wa shoka.

Bi Odessa sikumfuata, naapa. Aibu yangu ilikuwa imebakiza angalau mpaka huo mmoja. Alinifuata mwenyewe. Alisikia kwa Dada Pearlie wa kwaya, aliyeshinda dola sitini wiki ya kwanza. Na huyu ni mama ambaye hajawahi kushika tiketi ya bahati nasibu, mama anayewasema wanaume wazima kwenye foleni ya duka mpaka wanarudisha tiketi mfukoni. Aliniuliza kama ni kamari. Nikamwambia alivyoniambia Cortez, ni zawadi, na macho yangu pia hayakupepesa.

Alichokuwa anakisubiri kila mtu Nebo anakijua. Mwanawe Lemuel alikufa miaka mitatu iliyopita, ana thelathini na sita, dereva wa lori la kuku. Pale makaburini hana jiwe. Ana kile kibao cha bati ambacho kampuni ya mazishi huchomeka siku ya kuzika, chenye kikaratasi cha jina chini ya kioo, wakikuambia ni cha muda tu. Cha muda! Mvua imeingia, jua limekula wino, jina halisomeki tena. Mkata nyasi amekigonga na mashine mara mbili. Bi Odessa hukinyoosha kwa mikono kila akienda. Jiwe alishalichagua, la kijivu, lina picha ya lori, dola elfu moja mia nane na hamsini. Fundi wa mawe alimwekea kando mwaka mzima, na sasa alikuwa amempigia kwamba mwisho wa mwezi anamuuzia mwingine.

Alicheza kidogokidogo, dola kumi, dola kumi na tano. Ijumaa moja saa nane mchana simu yangu ikaita, nami nimesimama kwenye foleni ya dawa. Sauti yake ilikuwa chini sana, nikadhani kuna msiba.

"Renita, mwanangu. Lemuel kapata jiwe."

Nikafungua ukurasa wangu wa wakala. Elfu mbili mia moja na arobaini. Kwanza nilifurahi, nataka ijulikane kwamba kwanza nilifurahi. Halafu nikapiga hesabu ya Jumatatu, na furaha ikakauka palepale. Nikimlipa nashuka chini ya sifuri mbali mno. Ningefanya kazi miezi bila kuona senti, na umeme ungekatwa Alhamisi.

Nilimpigia Cortez. Alicheka kwa huruma, kama mtu anayemfundisha mtoto kufunga kamba za viatu.

"Usimwambie hapana," akasema. "Hapana inaleta ugomvi. Mwambie kesho. Na usilifunge salio."

Hapo nieleze. Kwenye ukurasa wa wakala kuna kitufe. Ukikibonyeza, salio la mchezaji linafungwa, hawezi kulichezea tena, linasubiri malipo tu. Usipokibonyeza, pointi zinabaki pale kwenye simu yake, zinamwangalia naye anaziangalia. Kazi yote iko kwenye kitufe hicho. Huhitaji kuiba. Unasubiri tu.

Nikampigia Bi Odessa nikamwambia mama, malipo makubwa ni kesho. Akasema hana haraka, amesubiri miaka mitatu. Akanibariki.

Kesho yake ilikuwa Jumamosi ya samaki. Mara moja kwa mwezi tunakaanga kwenye jiko la kanisa na kuuza sahani kwa ajili ya kukarabati paa: samaki, kabichi, vitumbua vya unga wa mahindi. Mimi mikono yangu haiwezi sufuria, kwa hiyo nilikaa dirishani nikipokea oda. Bi Odessa alikuwa kwenye meza ya kufungasha, hatua kumi kutoka kwangu, kiti cha chuma, aproni yake ya maua. Simu ilikuwa kwenye mfuko wa aproni. Kila foleni ikikatika anaitoa, anaiangalia chini ya meza kama msichana wa shule.

Yangu nilikuwa nimeiegemeza kwenye chupa ya pilipili. Saa nne na nusu namba ikatikisika. Elfu mbili mia moja na ishirini. Elfu mbili na tisini.

Nilijua anachofanya, maana alikuwa ameniambia mwenyewe asubuhi wakati wa kumenya vitunguu: jiwe ni elfu moja mia nane na hamsini, hiyo ya juu ni ziada, labda Mungu anataka Lemuel apate na chombo cha maua cha shaba. Alikuwa anachezea chombo cha maua. Nikamwona anabonyeza kwa kidole kimoja, mdomo umekaza, na namba kwenye simu yangu inashuka. Mtu anaagiza sahani tatu, naandika sahani mbili. Elfu moja mia tisa. Elfu moja mia nane na sabini.

Ilipofika elfu moja mia nane na hamsini, akaacha kucheza.

Aliacha kabisa. Alifuta vidole kwenye aproni, akairudisha simu mfukoni, akaufunga mfuko kwa pini. Akachukua sahani, akaanza kufungasha. Jamani, nilimpenda mama yule. Ni wangapi wanaoweza kuachia pale? Mimi sijamwona mwingine. Machozi yalinilenga, nikasingizia vitunguu. Kidole changu kilikuwa juu ya kile kitufe cha kufunga. Kubonyeza tu, na Lemuel ana jiwe.

Ujumbe wa Cortez ukaingia. Naye ana ukurasa wake, anaona kila kitu. "Kaacha. Mtupie zawadi."

Zawadi ni pointi kumi za bure. Ukimtumia mchezaji, simu yake inalia kengele na maandishi yanatokea kwamba wakala wako anakujali. Lakini ina sharti lililoandikwa kwa herufi za sisimizi: aliyepokea zawadi hawezi kulipwa chochote mpaka aizungushe, yaani aichezee pamoja na salio lake lote, mara ishirini.

Ningeweza kusema Cortez alinilazimisha. Alikuwa maili nane kutoka pale, amekaa kwenye gari lake. Nilifikiria giza nyumbani, jokofu limezima, nikafikiria miezi ya kufanya kazi bure, nikajiambia ni pointi kumi tu na labda atashinda zaidi. Nikasogeza kidole kutoka kitufe kimoja hadi kingine. Nikabonyeza.

Kengele ikalia ndani ya aproni. Bi Odessa akafungua pini, akasoma, akainua uso akanitafuta jikoni kote mpaka akaniona. Akatabasamu. Akaweka mkono kifuani, akainamisha kichwa, kunishukuru.

Halafu akaanza kuzungusha.

Zile kumi ziliisha na mizunguko ilikuwa bado. Akaingia kwenye pesa ya jiwe. Elfu moja mia nane. Elfu moja mia sita. Alikuwa ameacha kutabasamu. Dada Pearlie akamwita alete mifuniko, hakusikia. Mia tisa. Aliongeza dau, wote huongeza dau hapo, wanataka kurudi walipokuwa. Mimi niliendelea kupokea oda. Nilikuwa nawauliza watu kama wanataka pilipili. Samaki wa mwisho alipotoka kwenye mafuta, namba ilikuwa sifuri, na Bi Odessa amekaa na simu mapajani akiifuta kioo kwa pindo la aproni, polepole, kama vile palikuwa na uchafu tu uliokuwa unaziba.

Jumatatu mfumo ulipiga hesabu. Umeme nililipa.

Jumanne saa tatu asubuhi alibisha mlangoni kwangu. Nilijificha nyuma ya pazia kwanza, halafu nikaona ana pai ya viazi vitamu mkononi, nikafungua. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa. Nilikuwa natamani kutukanwa.

Alikaa, akakataa kahawa. Akasema amekuja kuniomba radhi.

"Uliniambia nisubiri kesho," akasema. "Kitu kidogo namna hiyo, nami nikashindwa. Na ile zawadi yako nzuri nikaitupa. Usimwambie mchungaji, mwanangu."

Nikafungua mdomo. Nilikuwa na maneno yote tayari, kitufe hiki na kitufe kile, herufi za sisimizi, Cortez. Nilisema, "Sitamwambia."

Akashusha pumzi, mzigo ukamtoka. Kisha akasema fundi wa mawe amekubali kumngoja mpaka Pasaka, na kwa kuchezacheza pesa haitafika, hilo ameliona. Kwa hiyo amefikiri. Mimi nilikuwa sina kazi wala mikono, na sasa taa zangu zinawaka. Alitaka nimfundishe uwakala.

Nilijua kanuni. Wakala ukileta wakala mwingine, katika kila anachopata nawe unakatiwa chako, wiki kwa wiki. Cortez angeruka kwa furaha. Nilimwambia Bi Odessa ni kazi ya kuchosha. Akacheka, akasema amelea wanaume watatu na kuwazika wawili, nisimwambie habari za kuchoka. Nilimwambia inahitaji kujua watu.

"Mimi?" akasema. "Mimi sijui watu?"

Akatoa kwenye mkoba lile daftari la bluu, akaliweka mezani kando ya pai, akalamba kidole, akafunua. Niliziona kurasa nilizozipiga picha. Wa tano palikuwa pamepigwa mstari kwa wino, nadhifu, kwa rula. Renita, mikono, kazi. Na pembeni ameandika: Amejibiwa.

"Haya, mwalimu," akasema, kalamu mkononi. "Kanuni ya kwanza ni ipi?"

Pai ilikuwa bado ya moto. Nikamwambia mtu akishinda usimwambie hapana, mwambie kesho. Akaiandika.