Mpima Maziwa Aliyeacha Maziwa

Kwa miaka ishirini na mitatu hakuna debe la maziwa lililoingia kwenye kile kiwanda bila kupita mbele ya pua yake. Asubuhi malori yalirudi kinyumenyume hadi kwenye jukwaa la mapokezi, madereva wakashusha madebe ya aluminiamu, naye akafungua kifuniko kimoja baada ya kingine. Alinusa. Akatumbukiza kipimo chake cha kioo, ambacho huzama zaidi maziwa yakitiwa maji. Akachanganya kidogo na spiriti kwenye kichupa, aone kama yanaganda. Mwisho akachemsha mengine kwenye sufuria ndogo pembeni, akaonja.

Hapo kwenye kuonja ndipo palipokuwa na mambo. Utaratibu ulisema kijiko kimoja. Yeye alitumia kikombe, na utando wa juu, yale malai, hakuuacha hata siku moja. Ndiyo maana madereva wakamwita Bwana Malai, na jina likamganda hata mhasibu akawa analiandika kwenye bahasha zake bila kufikiri. Ikifika saa nne asubuhi alikuwa ameshakunywa zaidi ya lita. Jioni alirudi nyumbani na lita mbili alizopewa kila mfanyakazi: chai ya maziwa, mkate na siagi, kipande cha jibini wakati wa kusubiri chakula, na bakuli la mtindi baada ya chakula.

Alipofikisha miaka hamsini na moja, koti lake jeupe la kazi lilikuwa halifungi tena vifungo vya kati. Ngazi za kwenda maabara zilikuwa kumi na tatu tu, lakini kwenye ya saba alisimama, akajifanya anasoma tangazo la kunawa mikono. Magoti yalimuuma kama ya mtu aliyebeba mizigo maisha yake yote. Pua iliziba mwaka hadi mwaka. Na tumbo, basi, lilikuwa na maneno yake. Lilinguruma, likajaa, likamfanya atoke mikutanoni na kurudi amechelewa. Yeye alisema ni umri. Mke wake, ambaye alikuwa mshonaji na alikuwa ameshamtanulia suruali mara tatu, alisema umri haupimwi kwa futi kamba.

Mwaka huo ilibidi mabomba ya ndani ya kiwanda yabadilishwe. Maziwa yakapelekwa kiwanda kingine kwa wiki mbili, na wafanyakazi wa mapokezi wakaambiwa wakapumzike. Bwana Malai hakuwa mtu wa kukaa bure. Alirekebisha sinki, akakaza bawaba za milango, akaanza kupaka rangi dari ya chumba cha kulala. Maziwa nyumbani hayakuwepo. Hakuna aliyeamua hivyo. Miaka yote yalikuja yenyewe mkononi mwake, na hakuna aliyezoea kwenda dukani kuyanunua.

Siku ya tisa alikuwa juu ya ngazi na brashi mkononi aliposikia kwamba kuna kitu hakipo. Alisimamisha brashi, akatega sikio. Cherehani ya mke wake ilikuwa inaenda ukumbini kama kawaida. Redio ya jirani ilikuwepo.

"Kuna nini?" mke wake akauliza kutoka ukumbini. "Mbona kimya?"

"Ni tumbo," akasema. "Limenyamaza."

Mke wake akaja mlangoni na pini mdomoni, akazitoa. "Sasa na mimi nikuambie. Hii siku ya nne hujakoroma. Nilidhani unaumwa."

Alishuka, akaketi kwenye ndoo ya rangi. Alihesabu mambo kwa vidole na hakuona la ajabu. Alikuwa anapumzika, basi. Mapumziko ni kitu kizuri. Akarudi juu ya ngazi.

Jumatatu kiwanda kilipofunguliwa alipokea malori kwa furaha, akachemsha, akanywa kwa pupa kama mtu aliyerudi safari. Saa tano haijafika, tumbo likaanza kupiga ngoma, na usiku akakoroma kama zamani.

Mtu mwingine angelaani kazi, akaishia hapo. Lakini huyu alikuwa mpima. Maziwa ya tangi zima yakiharibika, kazi yake ilikuwa kumtafuta mkosaji: yanatoka madebe mangapi, debe gani, limepita kwa nani. Na njia aliijua. Unaondoa kimoja, unaacha vingine vilivyo, unatazama. Akachukua fomu iliyoharibika, akaigeuza nyuma, akaandika kila kilichokuwepo kazini na hakikuwepo kwenye zile wiki mbili. Chakula cha kantini. Sabuni inayofulia makoti. Kelele za mashine. Ngazi. Baridi ya chumba cha ubaridi. Bosi.

Kila kimoja alikipa siku tatu. Alibeba chakula cha nyumbani, tumbo halikujali. Koti likafuliwa na mke wake kwa sabuni ya kipande, wapi. Aliziba masikio kwa pamba hadi wenzake wakamwona amepata kiburi. Bosi hakuweza kuondolewa, ila kwa bahati alisafiri kwenda mkutanoni, na tumbo halikujua kama yupo au hayupo.

Jioni moja mke wake aliikuta ile karatasi mezani, kila mstari umekatwa. Akaisoma juu mpaka chini, akaigeuza, akaisoma tena.

"Baba watoto, kuna mmoja hujamwandika."

"Nani?"

"Unamjua."

"Ningemjua ningemwandika."

"Maziwa," mke wake akasema.

Mumewe alikuwa ameshika kikombe. Akakitazama, na ukweli ni kwamba haikuwa mara ya kwanza wazo hilo kumjia. Lilimjia siku ileile ya Jumatatu, akalisukuma kando kama mtu anayejitia hamnazo akimwona mdai wake njiani. Maziwa yalikuwa yamesomesha watoto wake wawili. Maziwa ndiyo yaliyomfanya awe mtu anayeulizwa. Angeyaandika vipi kwenye orodha moja na sabuni?

"Kesho nakwenda kwa daktari," akasema hatimaye, na akamalizia kikombe, kwa sababu kilikuwa kimeshamiminwa.

Daktari alikuwa mwanamke mwenye haraka kidogo lakini anayesikiliza. Alimpima presha, ikawa juu, akamwandikia dawa. Akampandisha kwenye mizani, ikaonyesha kilo mia moja na nne. Alipoisoma ile karatasi ya nyuma ya fomu akatabasamu.

"Nisikudanganye kwa kukutazama tu," akasema. "Wapo watu wanaokunywa maziwa utotoni bila shida, wakiwa watu wazima tumbo linashindwa nayo. Wapo wasiosumbuliwa hata chembe. Wewe acha yote kwa wiki nne. Maziwa, mtindi, jibini, hata siagi. Andika unavyojisikia. Halafu utakunywa gilasi moja, tuone."

"Wiki nne ni nyingi, daktari."

"Na utembee kila siku. Usije ukayabebesha maziwa lawama zote. Mikate unayokula nayo naiona."

Wiki ya kwanza ilikuwa ngumu. Chai ya rangi aliiona kama maji ya kuoshea brashi. Mke wake akatia tangawizi, ikanyweka. Lakini jibini lilimtesa. Alikuwa anafungua jokofu na kusimama mbele yake, mlango wazi, kama mtu aliyeingia chumbani akasahau alichofuata, mpaka mke wake aseme umeme unakwisha. Alianza kutembea kwenda kazini, nusu saa, kwanza kwa kunung'unika, baadaye kwa udadisi: leo goti limeanza kuuma kwenye duka la viatu, juzi lilianzia kwenye kona ya posta. Akaandika hayo pia.

Kazini aliendelea kuonja, kwa kijiko sasa, na kisha akatema kwenye sinki. Siku ya tatu dereva mmoja akamwona. Huyu ndiye waliyemwita Honi, kwa sababu jambo likimfikia yeye limeshafika mjini. Kufumba na kufumbua ikasemekana mpima wa kiwanda anayatema maziwa.

Meneja akamwita. Alikuwa mama wa makamo, mkali kwa kazi, asiyependa maneno mengi.

"Nasikia maziwa yetu hayamezeki."

Bwana Malai alikuwa ameandaa uongo njiani, kitu kuhusu jino bovu. Alipofungua mdomo ukamtoka ukweli wote, tumbo, ngazi ya saba, karatasi, daktari. Meneja alisikiliza bila kupepesa.

"Jibini pia umeacha?"

"Na jibini, mama."

"Pole," akasema, na ilionekana anamaanisha. Kisha akarudia sura yake ya kazi. "Temea nyuma ya pazia. Na habari hii isitoke."

"Imeshatoka, mama. Tukinyamaza wataongeza chumvi. Niache niwaambie mwenyewe."

Akaenda kuwaambia palepale kwenye jukwaa, madebe yakiwa yamezunguka. Honi alimsikiliza, mikono kiunoni.

"Yaani wewe na maziwa mmeachana?"

"Tunafanya kazi pamoja vizuri tu. Nyumbani kila mtu na njia yake."

Wakacheka, na mambo yakaishia hapo. Uvumi hauna ladha mwenyewe akishausema.

Wiki ya tatu ndipo lilipotokea jambo ambalo hakulitarajia. Alifungua debe kutoka kwenye lori la Honi, akainama, akasimama tena. Akainama mara ya pili. Kipimo cha kioo kikaelea mahali pake. Spiriti haikugandisha chochote. Lakini kulikuwa na kitu, chembamba sana, kama shati lililosahauliwa kwenye beseni.

"Debe hili halikusuuzwa," akasema. "Lina sabuni."

"Bwana Malai, mimi sisikii kitu," Honi akasema.

Maabara wakapima, wakakuta sabuni. Msichana wa maabara akamuuliza alijuaje, akamjibu kwamba amenusa, na alipolisikia neno hilo likitoka kinywani mwake ndipo akaelewa. Pua ilikuwa imefunguka. Kwa miaka, huenda kumi, huenda zaidi, alikuwa akiinama juu ya kila debe, akivuta hewa, na kutegemea ulimi na kioo bila kujua.

Furaha yake ilidumu hadi saa ya chakula. Aliketi juu ya debe lililopinduliwa, mkate umekaa mkononi bila kuliwa, akijiuliza ni madebe mangapi ya namna ile aliyoyapitisha. Hakukuwa na pa kwenda kuuliza. Mchana akapanda ngazi hadi kwa meneja, akamweleza, akaomba awekwe mtu wa pili wa kunusa, kila debe lipite kwenye pua mbili. Meneja akasema atafikiria. Mwezi uliofuata akaletewa mwenzake, mama mmoja kutoka sehemu ya kufungasha, ambaye pua yake ilikuwa kali kuliko ya paka.

Wiki nne zilipotimia, mizani ilisema tisini na nane na nusu. Jumamosi adhuhuri aliketi mezani na gilasi moja ya maziwa mbele yake, mke wake upande wa pili na daftari. Moyoni aliomba lisitokee lolote. Akanywa polepole. Yalikuwa matamu kuliko alivyokumbuka.

Wakangoja. Mke wake akaanza kupinda ukingo wa sketi ya mteja. Dakika arobaini zikapita, na hapo ikasikika ile ngurumo ya zamani, ndefu, kama meza inayoburutwa chumba cha juu.

"Hiyo nimeisikia hadi huku," mke wake akasema, akaandika. "Pole, baba watoto."

Alihuzunika, na wakati huohuo kuna kitu kilitulia ndani yake, kile kinachotulia mpima anapoweka chaki kwenye debe lenye kosa. Sasa alijua.

Baada ya miezi minane alikuwa na kilo themanini na tisa. Presha ilikuwa imeshuka, daktari akapunguza dawa. Alipomuuliza ni kipi hasa kilichofanya kazi, daktari akasema kuhusu tumbo na maziwa hana shaka. Kwenye uzito, kutembea kumo, mikate aliyopunguza imo, haiwezekani kuvitenganisha. Jibu hilo lilimkera. Akarudi nyumbani na mpango wa kuacha kutembea kwa mwezi mmoja, apate kujua. Mke wake akamwambia akithubutu atakwenda kulala ukumbini na cherehani.

Habari zikamfikia dada yake mkubwa, mwalimu mstaafu, mnene kama alivyokuwa yeye, mwenye magoti yaleyale. Akaja siku hiyohiyo.

"Mdogo wangu, nipe na mimi hiyo dawa."

"Siyo dawa, dada. Mimi nilikuwa na tumbo linalogomba. Wewe una tumbo linalogomba?"

"Sina. Nina magoti."

"Basi sijui. Jaribu."

Akajaribu, kwa ukaidi wa mwalimu, wiki nne bila hata tone. Zilipokwisha Bwana Malai akamtembelea na daftari. Uzito, uleule. Magoti, yaleyale. Usingizi, kama kawaida.

"Kuna chochote kilichopungua?" akauliza.

"Furaha."

Basi akaingia jikoni kwake, akachemsha maziwa aliyokuja nayo, akamletea kikombe kilichojaa, na malai juu. Akaketi kumtazama. Dada yake alikunywa akifumba macho. Robo saa ikapita, nusu saa, saa nzima. Tumbo lake lilikuwa tulivu kama bwawa.

Mdogo mtu akaachia kalamu. Mama mmoja, nyumba moja, sufuria moja ya maziwa waliyogombania utando wake miaka arobaini iliyopita.

"Sasa hilo linawezekanaje?" akauliza, akimwinamia karibu kana kwamba jibu lingesikika.

"Hilo ni lako wewe na daktari wako," dada yake akasema, akimnyooshea kikombe. "Mimi andika kwamba nimeomba cha pili."