Mwanakondoo Aliyetoka Nusu

Jumatatu asubuhi Jerusha alikuwa akimenya ndizi mlangoni kwake, juu kidogo ya soko la Ntimaru, na kondoo wake alikuwa akila majani kando ya choo. Mwanakondoo naye alikuwa akila majani. Alikuwa ametoka kichwa, miguu ya mbele na kifua. Sehemu iliyobaki ilikuwa bado ndani ya mama yake. Jerusha alikuwa amewapeleka kwenye mteremko ili kichwa cha mwana kifike chini. Mama alikula akielekea barabarani, mwana akala akielekea kilimani, na hakuna aliyemzuia mwenzake.

Walikuwa hivyo tangu mvua kubwa zianze.

Emmah Bosibori, afisa wa mifugo wa wadi, alishuka kwenye pikipiki, akavua kofia ngumu, akapima joto la mama kisha la mwana.

"Wote wako sawa," alisema.

"Sawa gani, daktari?" Jerusha aliuliza bila kuacha kumenya. "Huyu ameanza kuota pembe. Akioa kabla hajazaliwa, mtaandika nini?"

Emmah alirudisha kipimajoto mfukoni. Kanuni iliyomfunga mikono ilitoka kinywani mwake mwenyewe, angalau nusu yake.

Mwaka uliopita watu wa hapo walikuwa wakivuta. Kondoo akilala chini tu, mtu anavuta. Maroa, kaka mkubwa wa mume wa Jerusha, alikuwa anawahi mazishi, akafunga kamba ya katani kwenye kwato zilizokuwa ndiyo kwanza zinachungulia, akavuta. Alifika mazishini kwa wakati. Kondoo alikufa na mwanawe. Emmah, aliyekuwa ametoka chuo kikuu juzijuzi na aliyelia alipomwona kondoo yule, alisimama kwenye baraza la chifu akasema: kondoo anajua kuzaa, mwacheni kwanza ajaribu. Mkiona anasukuma nusu saa na hakuna kinachobadilika, naweni mikono kwa sabuni, pakeni mafuta, pimeni alivyolala mtoto, mmsaidie.

Watu walipiga makofi kabla hajafika kwenye sabuni. Mtu mmoja akauliza ni nani atakayeamua kwamba sasa inatosha kusubiri. Emmah aliwaamini sana watu. Alisema, "Amueni pamoja."

Kabla baraza halijavunjika, kamati ilikuwa imechaguliwa. Mwenyekiti alikuwa Maroa, kwa sababu ya uzoefu wake. Angwenyi, mfanyabiashara Msabato kutoka Kisii, aliingizwa kwa sababu ana viti vya plastiki. Hakuchaguliwa mwanamke, kwa kuwa wanawake walikuwa wamekwenda kuwafungua kondoo. Kanuni ikapitishwa kwamba hakuna mkono utakaomgusa kondoo anayezaa mpaka kamati ikae, na atakayekaidi hataogesha mifugo yake kwenye josho la kijiji. Kwa kupe wa huko, kondoo asiyeogeshwa hafiki Krismasi. Jerusha alikuwa na kondoo wawili, huyu na mdogo wake.

Sasa kamati ilikuwa haijakaa. Jumamosi haikuwezekana, kwa kuwa Angwenyi yuko kanisani. Jumapili Maroa anaimba kwaya kwa Wakatoliki. Ijumaa ni mazishi. Siku ya soko hakuna mtu mwenye akili anayekaa kwenye kikao. Mara moja walifika wajumbe wawili tu, wakanywa chai ya Jerusha, wakamwangalia mwanakondoo, naye akawaangalia. Mmoja alisema mnyama anayekula majani hahusiani tena na kamati ya uzazi. Mwenzake akajibu kwamba mnyama ambaye hajazaliwa hawezi kuhesabiwa kuwa anakula. Walikubaliana kwamba jambo hilo ni zito, wakaomba mandazi.

Jerusha alimpigia simu mumewe, Boaz, aliyekuwa akichimba dhahabu Macalder. Boaz alipokea akiwa ndani ya shimo.

"Subiri kamati," alisema. "Siwezi kukosana na kaka kwa sababu ya nusu kondoo."

"Na mimi je? Mimi ndiye ninayemnywesha nusu kondoo."

"Mtandao unapotea," Boaz alisema, na kweli ukapotea.

Majirani nao walikuwa na maoni. Liz, wa boma la pili, alipita kila asubuhi na ndoo kichwani. "Bado?" aliuliza. "Huyo atamaliza darasa la nane humo ndani." Wengine walisema avutwe. Wengine walisema asivutwe. Waliosema hivi na waliosema vile, hakuna aliyebaki kumshika kondoo ili Jerusha aende kisimani. Siku moja aliwalisha karibu na jiwe la mpaka, mama akala majani ya Kenya na mwana akala ya Tanzania. Askari wa doria aliyepita aliuliza tu kama wamechanjwa.

Shida ilianza miguu ya mbele ya mwana ilipokua na kugusa ardhi. Sasa mama akitaka kwenda mtoni, mwana anataka kwenda kwenye viazi. Walivutana uwanjani mchana kutwa. Mwana alikuwa na nguvu, na kila siku mama alirudi nyuma hatua chache zaidi kuliko jana. Mbavu zake zikaanza kuonekana. Akaanza kulala mchana.

"Kilichokwama ni makalio," Emmah alimwambia Maroa, akiwa amemfuata mpaka kwenye banda lake la tumbaku. "Ukimgeuza kidogo, ukamvuta kuelekea chini mama anaposukuma, anatoka. Ni kazi fupi kuliko kuchemsha chai, mzee. Lakini yule mama anaisha."

"Daktari, si ni wewe ulisema tusiwe na haraka?"

"Nilisema nusu saa!"

"Ulisema pia tuamue pamoja," Maroa alisema kwa upole, akageuza jani la tumbaku. "Na hilo ndilo neno zuri kuliko yote uliyosema. Tunalishikilia."

Emmah alirudi kwenye pikipiki yake akakaa juu yake bila kuiwasha. Alifikiri juu ya wahadhiri wake, ambao wote walikuwa wamemfundisha neno hilo, "pamoja".

Kamati ilikaa hatimaye siku ya Alhamisi, uwanjani kwa Jerusha, kwa kuwa mlalamikaji ndiye anayepika. Akidi ilitimia. Viti vya Angwenyi vilipangwa duara, na kondoo akawa katikati, kichwa kimoja kikimwelekea mwenyekiti na kingine wajumbe. Walifungua kwa sala. Walipokea udhuru wa wasiokuwepo. Walisoma kumbukumbu za kikao kilichopita, yaani kile cha kwanza, na kuzijadili. Ajenda ya nne ilikuwa muhuri wa kamati. Ya tano ilikuwa fulana. Kondoo alikuwa ya saba.

Wakiwa kwenye muhuri, mama alipiga magoti, akalala ubavu, akafumba macho.

Emmah alisimama. "Mwenyekiti, naomba ya saba ije sasa."

"Ajenda ikishapitishwa imepitishwa, daktari. Kaa, utapewa nafasi."

"Anakufa, mzee."

"Pitia kwa mwenyekiti."

"Si ndiyo napitia!"

Jerusha alitoka jikoni na beseni la maji ya moto, kipande cha sabuni na mafuta ya kupikia kwenye kikombe. Hakuomba nafasi. Alipita katikati ya viti, akasema "samahani, baba" kwa mjumbe aliyezuia njia, akapiga magoti nyuma ya kondoo.

"Josho, Mama," Emmah alimnong'oneza.

"Najua. Wewe shika kifua, mimi niko na mkono mwembamba."

Alinawa, akapaka mafuta, akapitisha vidole pembeni ya mgongo wa mwana mpaka akaupata mfupa. Emmah alimkumbatia mwanakondoo kifuani na kumgeuza kidogo, kama anayefungua mlango mzito. Wakasubiri. Hapo walisubiri kweli, wote wawili, mkono wa Jerusha juu ya tumbo la mama, mpaka uchungu ulipokuja. Mama alisukuma. Wakavuta kuelekea chini. Mwana akatoka kwa sauti ndogo, kama mguu unaotoka kwenye tope.

Nusu ya mbele ilikuwa ya kondoo wa miezi kadhaa, yenye manyoya makavu na vinundu vya pembe. Nusu ya nyuma ilikuwa ya mwana wa siku hiyo, yenye unyevu na mkia mwembamba kama kidole. Mama alifumbua macho, akageuka, akaanza kulamba upande wa nyuma. Upande wa mbele ulikuwa tayari unatafuna kamba ya kiatu cha Angwenyi.

Kamati ilikuwa kwenye fulana. Walikuwa wamegawanyika baina ya kijani na bluu.

Walipofika ajenda ya saba, Maroa aliinua macho, akamwona mwanakondoo amesimama mwenyewe, akamshukuru Mungu kwa subira aliyowapa wajumbe. Alisema kwamba mwaka jana, bila kamati, kondoo na mwana walikufa, na mwaka huu, kwa kuwa kuna kamati, wote wako hai. Watu walipiga makofi. Iliamuliwa kwamba kamati iongezewe mbuzi na ng'ombe. Kwa upande wa Jerusha, kwa kuwa aligusa wakati ajenda yake haijafika, alifungiwa josho hadi msimu ujao.

"Shemeji, usione vibaya," Maroa alimwambia akisimama. "Sheria haiangalii undugu."

"Sioni vibaya," Jerusha alisema. "Nitawatoa kupe kwa mkono. Mkono si ninao."

Alikusanya vikombe. Emmah alisaidia kubeba viti mpaka dukani kwa Angwenyi, kwa sababu hakuna mwingine aliyejitolea. Njiani aliandaa kichwani hotuba ya baraza lijalo. Safari hii angeanzia kwenye sabuni.

Mwanakondoo aliendelea vizuri. Alitembea kwa hatua ndefu mbele na fupi nyuma, na baada ya siku mbili tatu watu waliacha kutaja jambo hilo.

Jumatatu iliyofuata Emmah alimkuta Jerusha amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mikono imepakwa mafuta mpaka kwenye viwiko. Mbele yake alikuwa amelala yule kondoo wake mdogo. Kwato mbili zilikuwa nje, na juu yake pua, safi kabisa, jinsi inavyotakiwa. Kondoo alikuwa akicheua taratibu huku ameielekeza shingo kwenye njia inayotoka kwa Maroa.

"Muda gani?" Emmah aliuliza, akifungua sabuni.

"Tangu alfajiri. Amejileta vizuri mpaka hapo, halafu akaacha. Nikigusa anabana."

"Umemwambia aendelee?"

"Nimemwambia, daktari," Jerusha alisema. "Anasubiri kamati."