Manjano Viganjani

Mistari ya viganja vya Twalib ilikuwa imeiva rangi ya manjano, na Zubeda hakuhitaji mganga wa kumtafsiria. Mwanamke wa Unguja anaijua singo, manjano yaliyopondwa pamoja na maua, wanayosingwa wanawake mpaka ngozi iteleze. Twalib aliuza vitambaa huku ugenini, mtaani Fordsburg, na kitambaa hakiachi rangi kwenye mikunjo ya kiganja tu. Basi alikuwa akimsinga nani?

Alimjua. Saida, mjane wa Kitanga, aliuza udi na singo mtaa wa pili, na wenye midomo yao walikwisha kumwona Twalib ameketi dukani kwake, ilhali nyumbani alichelewa kila jioni. Wivu ulimkaba Zubeda hata akakinai chakula. Akamkalisha mumewe jikoni, akamsugua viganja kwa ndimu na chumvi.

"Bibi we, utanichuna!"

"Nikuchune. Mwambie huyo wako apunguze manjano!"

Twalib akacheka, na kicheko kile kilimchoma. Rangi haikutoka. Kesho yake akamburura mpaka zahanati, si kwa huruma, bali alitaka shahidi mwenye koti jeupe.

Daktari Lambert, Mkongo wa Lubumbashi, aliipapasa ile mistari, akaacha kutabasamu.

"Papa, ukitembea, miguu inakuumaka?"

"Inawaka moto. Nikikaa kidogo, inapoa."

Majibu ya damu yalipokuja, Lambert aliwaeleza polepole. Twalib alirithi kasoro kwa wazazi wake wote wawili: masazo ya mafuta ya chakula hayaondoki kwenye damu yake. Yamejilimbikiza viganjani, na yameziba mishipa ya miguu. Ya moyo watapima. Dawa zipo, ila mishipa iliyokwisha kuziba haifunguki kwa vidonge tu.

Nje, kwenye robot, ndivyo wanavyoziita huku taa za barabarani, taa ya kijani iliwaka ikazima, na Twalib hakuvuka. Alikuwa ameshika nguzo.

"Kwa Saida ulikuwa unapumzika?" Zubeda aliuliza.

"Aliniona nimeegemea ukuta, akanitolea kiti. Nikamwomba asikwambie. Sikutaka uingiwe na hofu."

Zubeda aliyatazama magari. Yeye aliyelala ubavuni mwake hakujua kitu, na muuza udi alijua kila jioni. Wivu wa jikoni ulikuwa mchezo mbele ya huu.

"Bora ungemwoa," alisema.

Taa ikawaka kijani tena. Zubeda alimnyima mkono, ila naye hakuvuka.